Nishani za Babu Sandukuni: Jinsi ya Kukusanya Medali, Beji na Vibendera vya Zama za Vita

Nishani nyingi za vita walivyopigana watu wa Afrika Mashariki bado zimo majumbani. Zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kwenye kopo la biskuti, au zimefungwa kitambaani pamoja na hati ya shamba na cheti cha ubatizo. Zililetwa na askari wa keya, yaani King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, waliorudi kutoka Abisinia (Ethiopia), Madagaska na Bama (Burma, Myanmar ya leo), na kabla yao na wale waliopigana vita vya Mjerumani, yaani Vita Kuu ya Kwanza. Wajukuu wanavijua kama "vile vyuma vya babu". Siku ya kugawana mirathi mmoja huchukua nyota, mwingine ile ya duara, karatasi zikawashia jiko, na baada ya hapo hakuna tena awezaye kueleza mzee alipigana wapi.

Nakusanya ili hilo lisitokee, na mwongozo huu una msimamo huo tangu mwanzo: chuma na habari za aliyekivaa vikae pamoja. Anayetaka kununua leo na kuuza kesho kwa faida atapata humu mambo ya kumsaidia, lakini sikumwandikia yeye.

1. Chagua uwanja mmoja

Anayeanza hununua kila kinachong'aa. Jizuie. Chagua uwanja wenye mipaka: nishani za King's African Rifles za Vita Kuu ya Pili, au sarafu na noti za dharura za Mjerumani za 1916, au beji za Kisovieti zilizoletwa na wanafunzi wetu. Ukiwa na uwanja mmoja unakiona kitu kile kile mara nyingi, mkono unazoea uzito wake na jicho linazoea herufi zake. Mtu wa huku ningemshauri aanze na Vita Kuu ya Pili, kwa sababu nishani zake zilitolewa kwa wingi, bei ya zile za kawaida si ya kutisha, na bado wapo watu wazima waliowaona baba zao wakizivaa.

Zana zako ni chache: kioo cha kukuzia cha mara 10, rula ya milimita, mizani ndogo ya sonara, tochi, sumaku, penseli na daftari. Simu yenye kamera nzuri inatosha kwa picha.

2. Jifunze kusoma chuma

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi kuliko popote. Usiharakishe.

Mtu akikupa nishani, ishike kwa kingo, usiguse uso wake. Tazama mambo manne kwa mpangilio huu: umbo, sura na maandishi ya pande zote mbili, ukingo, kisha utepe. Utepe uwe wa mwisho kwa sababu hubadilishwa kwa urahisi. Ukichakaa hung'olewa na kuwekwa wowote uliopatikana, na nimeona nyota za Vita vya Pili zikining'inia kwenye riboni ya zawadi.

*Vita Kuu ya Kwanza.* Utakutana na tatu. Ya kwanza ni nyota ya bronzi yenye taji juu, panga mbili zilizopishana na ukanda ulioandikwa 1914-15. Hii ni ya waliokuwa vitani kabla ya mwisho wa 1915. Ya pili ni ya duara, ya fedha, milimita 36, yenye kichwa cha Mfalme George V mbele na mtu uchi juu ya farasi nyuma, pamoja na miaka 1914 na 1918. Ya tatu ni ya rangi ya dhahabu iliyofifia, ina malaika wa ushindi mwenye mabawa, na utepe wake una rangi za upinde wa mvua, nyekundu ikiwa katikati. Nyota ile haikutolewa peke yake: aliyeipata alipata na zile mbili. Kwa hiyo ukiikuta nyota pekee, jua kwamba nyingine mbili za mtu yule yule zilikuwapo, na huenda ziko kwa shangazi mtaa wa pili.

Nishani hizi zilichongwa majina. Kwenye nyota jina liko mgongoni, na kwenye zile za duara liko ukingoni. Elekeza tochi kwa mshazari, uzungushe polepole, na utaona namba, cheo, jina na kikosi. PTE ni askari wa kawaida, CPL ni koplo, SJT ni sajini. Kikosi huandikwa kwa kifupi, K.A.R., pengine kikitanguliwa na namba. Katika vita ile rejimenti nyingi ziligawanywa vikosi kadhaa, kwa hiyo 3/4 K.A.R. ni kikosi cha tatu cha rejimenti ya nne. Rejimenti ya pili ilikuwa ya Nyasaland (Malawi ya leo), ya tatu ya Kenya, ya nne ya Uganda, na ya sita ikaja kuwa ya Tanganyika. Namba hiyo moja inakwambia uanze kuuliza Zomba, Machakos, Gulu au Tabora.

Jina lenyewe lisome kwa sikio. Karani Mzungu aliandika alivyosikia, na mara nyingi aliandika jina moja tu, bila la baba. Litamke kwa sauti, kisha uandike kila namna linavyoweza kuandikwa. Ukija kutafuta kwenye kumbukumbu utazihitaji namna zote hizo.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao ni wapagazi hasa, wale walioachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi majina yao, na askari pia. Kwa hesabu ya namna hiyo, ukingo wa chuma wenye jina la mtu wetu ni kumbukumbu ya kulindwa. Usiusugue wala usiupige tupa, na usiuruhusu kutobolewa tundu la mkufu.

*Vita Kuu ya Pili.* Hapa mambo yanageuka, kwa sababu Uingereza iliamua kutoziandika majina nishani za vita hii. Afrika Kusini, Australia na India walizichonga za watu wao. Nyota ya Mwafrika wa keya na nyota ya Mwingereza wa Yorkshire zimetoka kwenye muhuri mmoja na huwezi kuzitofautisha kwa macho. Ndiyo maana karatasi zina uzito kuliko chuma katika uwanja huu: cheti cha kuachishwa jeshi, kijisanduku cha posta kilicholeta nishani, picha ya studio, barua.

Nyota ni za shaba ya manjano, zina pembe sita, na katikati zina herufi za mfalme, GRI VI. Zote zinafanana isipokuwa maandishi ya duara na utepe. Askari wa huku wengi walipata hizi: 1939-1945 Star, Africa Star, na Burma Star. Utepe wa Africa Star una rangi ya mchanga kwa ajili ya jangwa, nyekundu katikati kwa jeshi la nchi kavu, buluu nzito kwa wanamaji na buluu nyepesi kwa wana anga. Ilitolewa pia kwa waliopigana Somalia na Abisinia mpaka Gondar ilipoanguka Novemba 1941. Kwa hiyo mjukuu akikwambia babu hakufika Misri, usiseme nyota si yake. Jihadhari tu ikiwa utepe una kibamba kidogo kilichoandikwa 8th Army na familia inasema mzee aliishia Abisinia. Kibamba hicho ni cha vita vya jangwani kuanzia Oktoba 1942, na huenda kimewekwa baadaye na muuzaji.

Burma Star ndiyo inayonigusa zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua za masika ya Asia, tope na malaria, ikaushika mji wa Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Utepe wake una nyekundu pana katikati, na buluu iliyopitiwa na rangi ya chungwa pande zote mbili. Wengine hawakufika huko. Meli Khedive Ismail, iliyoondoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldivi, na watu 1,297 wakafa, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Ukikuta nishani bila utepe ndani ya bahasha ya serikali, zimekaa kama zilivyofungwa kiwandani, uliza kama mwenyewe alirudi. Nishani za marehemu zilipelekwa kwa ndugu kwa namna hiyo.

Pamoja na nyota huja duara mbili za rangi ya nikeli: Defence Medal, yenye simba wawili na mti, na War Medal, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili. Hizi ni nyingi mno. Zisome, ziandike, endelea.

*Nishani ya vita vidogo vya Afrika.* Hii ni ya fedha, ilianzishwa 1902, na utepe wake ni wa manjano wenye pindo nyeusi na mistari miwili membamba ya kijani. Kibamba kilicho juu ya utepe hutaja vita vyenyewe: Somaliland 1902-04, Nandi 1905-06, na vingine vingi. Kibamba cha mwisho kiliandikwa Kenya, na kilitolewa kwa waliotumikia serikali katika vita dhidi ya Mau Mau, kuanzia Oktoba 1952 hadi Novemba 1956. Nishani hiyo ichukue kwa adabu kubwa. Mzee mmoja aliivaa kwa fahari, na jirani yake alipigwa kizuizini na wenzake mzee huyo waliokuja kuivaa hiyo hiyo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake rasmi na kukubali kuwalipa wahanga 5,228. Ukiionyesha, iweke pamoja na maelezo ya pande zote mbili, na usiipeleke kwenye kikao cha kijiji bila kujua nani amekaa hapo.

*Upande wa Mjerumani.* Nishani za askari wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Mjerumani, ni adimu mikononi mwa watu wetu. Kinachopatikana zaidi ni fedha za dharura. Wajerumani walipozingirwa, karakana ya reli ya Tabora iligonga sarafu za shaba za heller 5 na 20 zenye herufi T, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ya tembo imeghushiwa kupita kiasi. Usiinunue mtaani, hata kwa bei ya kutupa. Noti za wakati huo, zilizochapwa kwa haraka kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, ni uwanja mzuri kwa mwenye mfuko mdogo. Vyeo vya askari wa Mjerumani, yaani ombasha, shaushi, beshaushi, sol na efendi, vijue kwa moyo, maana utakutana navyo kwenye karatasi na kwenye simulizi.

3. Mtafute aliyeivaa

Ukishapata jina, namba na kikosi, anza na zisizo na gharama. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa inayotafutika mtandaoni kwa jina na kikosi. Gazeti rasmi la Uingereza, London Gazette, nalo limewekwa mtandaoni, na ndimo zilimotangazwa nishani za ushujaa. Askari wa K.A.R. walikuwa na nishani yao ya ushujaa, Distinguished Conduct Medal yenye jina la kikosi, mpaka katikati ya Vita vya Pili ilipobadilishwa na ile ya jeshi zima. Ukiipata hiyo, usilale kabla hujamtafuta mtu wake. Kadi za nishani za Vita vya Kwanza ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwenye fungu la WO 372. Nyumbani, nenda Nyaraka za Taifa za Nairobi na za Dar es Salaam ukaulize mafaili ya wilaya: madai ya mishahara ya wapagazi, barua za makamishna, maombi ya wajane. Hapo unahitaji subira na kibali cha utafiti, lakini humo mna majina ambayo London hayapo.

Kisha nenda kwa watu.

4. Kuongea na familia

Usiende peke yako wala usiende na pesa mkononi. Nenda na mtu anayejulikana pale, mjumbe, imamu, katekista au mjukuu mwenyewe. Amkia, kaa, subiri ukaribishwe kusema. Mimi huanza hivi: "Shikamoo bibi. Nimesikia marehemu mzee alikuwa keya. Nimekuja kuulizia habari zake, sikuja kununua." Bibi akisema "Marahaba, mwanangu, alikwenda Bama," nyamaza usikilize. Usimsahihishe miaka. Muulize mambo ambayo karatasi hazina: aliondoka mwezi gani wa kilimo, alirudi na nini, nani walikwenda naye, nyimbo gani aliimba akilewa au akifurahi. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu.

Omba kuona kila kitu cha jeshi, usiseme "nishani" tu. Ndipo vinatoka vikombe vya bati, mkanda, kisu, kitabu cha mshahara, na Kenya kile kisanduku cha chuma walichokuwa wakivishwa wanaume shingoni kubebea kipande, cheti chao cha kazi cha zama za ukoloni. Vyote ni sehemu ya habari moja.

Familia ikitaka kuuza, waambie ukweli wa thamani. Kama hujui bei, tafuta pamoja nao kwenye matokeo ya minada ya London. Noonans na Spink huweka bei walizouzia wazi kwa kila mtu. Hakikisha ndugu wote wenye haki wamekubali, kwa sababu nishani iliyouzwa na kijana mmoja usiku huleta ugomvi wa miaka. Andikeni hati fupi ya mauziano, muweke sahihi, na ikae nakala kwao. Lakini ushauri wangu wa kwanza kwa familia yoyote ni wasiuze. Nikishapiga picha nzuri, nikaandika habari na kuwafungia nishani kwenye kifuko salama, kazi yangu kubwa imekwisha hata kama nimetoka mikono mitupu.

5. Kutambua za kughushi

Nishani halisi iligongwa kwa muhuri kwenye mashine. Ya kughushi mara nyingi imemiminwa. Iliyomiminwa, ukiitazama kwa kioo, ina vitundu vidogo vya mapovu, herufi zake zina kingo laini zilizovimba, na mara nyingine utaona mstari wa kalibu ukizunguka ukingoni. Aidha, chuma hunywea kikipoa, kwa hiyo nakala hupungua kidogo kipimo. Ndiyo maana nimesema uwe na rula. Pima uliyo na uhakika nayo, andika, kisha linganisha.

Kuna udanganyifu wa pili ulio mgumu zaidi: nishani halisi, jina la uongo. Mtu huchukua nishani ya askari wa kawaida, hukwangua ukingo na kuchonga jina la afisa au la kikosi kinachotafutwa. Zungusha polepole chini ya mwanga wa mshazari. Ukiona sehemu ya ukingo imebonyea au inang'aa tofauti, au herufi zinazofanana na za fundi saa badala ya za muhuri, iache.

Katika nyota za Vita vya Pili, inayoghushiwa sana ni Air Crew Europe, ya wana anga, kwa sababu ni adimu na dada zake zote ni rahisi. Msalaba wa Chuma wa Mjerumani nao unanakiliwa kila siku. Ule wa kawaida wa vita ya kwanza una kiini cha chuma cheusi ndani ya fremu ya fedha, kwa hiyo sumaku hunasa. Isiponasa, kuwa na shaka. Ikinasa, bado endelea kuchunguza, maana waghushi nao wana chuma.

Kwa ile ya fedha ya 1914-1918 tatizo limekuwa la namna nyingine. Ina karibu aunsi nzima ya fedha, na bei ya fedha ilipopaa 1979 na 1980 nyingi ziliyeyushwa. Ndiyo maana unakuta familia ina ile ya upinde wa mvua na haina mwenzake. Ukienda kwa sonara wa mji wako, mwombe akikuletewa duara yenye farasi akupigie simu kabla ya kuwasha moto.

6. Vitu vya zama za kikomunisti

Uwanja huu una sura nyingine kwetu. Vitu hivi havikuja na askari. Vilikuja na wanafunzi, mafundi na wajumbe wa vyama. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow 1960 na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Madaktari na wahandisi wengi waliosoma Urusi walirudi na beji ya mhitimu yenye umbo la almasi, ya enameli. Unguja ilikuwa na Wajerumani Mashariki waliojenga nyumba za Kikwajuni. Na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina na Waafrika kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, iliacha beji za Mao, vikombe vya enameli na madaftari mekundu kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Beji ndogo za Kisovieti ndizo rahisi kuanza nazo. Zilitengenezwa kwa mamilioni, nyingi za alumini, na mgongoni utakuta alama ya kiwanda pamoja na bei iliyogongwa palepale: herufi Ц, namba, na к ya kopeki. Jifunze alfabeti ya Kirusi. Inatosha jioni chache, na ghafla beji zinaanza kukutajia miji na miaka. Beji za tamasha la vijana la Moscow 1957 na la Berlin Mashariki 1973 zinatafutwa huku kwa sababu vijana wa Kiafrika walihudhuria.

Vibendera vya pembetatu, vyenye Lenin na maandishi ya kumpongeza mshindi wa mashindano ya kijamaa kazini, vilikuwa zawadi ya kawaida kwa wageni. Vya mahameli vilivyotariziwa ni bora kuliko vya kitambaa chepesi kilichochapwa. Tazama pindo na vishada vya ncha, na nyuma utafute mwandiko wa mkono: tarehe na jina la aliyekabidhiwa hupandisha maana ya kibendera chochote. Vyetu wenyewe usivisahau, yaani beji za TANU na Afro-Shirazi kabla ya kuungana Februari 1977, na za KANU zenye sura ya Moi. Leo zinatupwa. Alama za Tanganyika Rifles nazo zilidumu tangu uhuru wa 1961 hadi maasi ya Januari 1964, basi. Ukiiona moja, ichunguze kwa makini sana, na ikiwa halisi usiiache.

Nishani kubwa za Kisovieti ni jambo zito. Nyota Nyekundu, iliyoanzishwa 1930, ni ya fedha na enameli, na mgongoni ina muhuri wa kiwanda cha sarafu na namba yake. Ile ya Ushindi dhidi ya Ujerumani ya 1945 haina namba na ilitolewa kwa mamilioni. Namba iliyokwanguliwa ni sababu ya kukataa. Kumbuka pia kwamba sheria ya jinai ya Urusi inakataza kununua na kuuza tuzo za dola za Kisovieti. Ukiwa mwanafunzi huko, usinunue sokoni ukidhani utapita nayo uwanja wa ndege. Kwa kutafuta habari, serikali yao imeweka mtandaoni hati za tuzo za vita vya 1941-1945. Ukiwa na jina unaweza kusoma kwa mwandiko wa kamanda ni kitendo gani kilichompa askari nishani.

7. Mipaka ya sheria

Sare, kofia na alama za majeshi ya leo, iwe JWTZ, KDF au UPDF, usiziguse. Raia akikutwa nazo ni kesi. Risasi, makombora na mabomu ya zamani usichukue hata kama yameliwa na kutu, yanaua bado. Weka alama mahali ulipoyaona, ondoka, ita polisi. Usichimbe viwanja vya vita vya Tanga, Taveta, Salaita au Mahiwa. Kule kuna mifupa ya watu, na kitu kilichong'olewa ardhini bila kuandikwa kilipokuwa kimepoteza nusu ya habari yake. Alama za Nazi kuzionyesha hadharani Ujerumani ni kosa, kwa hiyo aliyeko huko asibandike picha zake ovyo.

8. Kutunza, hasa Pwani

Usisugue. Brasso, majivu na ndimu, ukwaju, dawa ya meno: vyote vinakula chuma na kufuta sura ya mfalme na herufi za jina. Weusi wa fedha ni ngozi yake, uache. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi, kavu. Ukiona unga wa kijani unaomomonyoka kwenye bronzi, itenge na nyingine, iweke mahali pakavu, umwone mtaalamu wa makumbusho.

Joto la Mombasa, Tanga na Zanzibar si adui mkubwa kama unyevu. Tumia kisanduku kinachofunga sawasawa, na ndani yake vipakiti vya silika, vile vinavyokuja na viatu vipya, ubadilishe vikishiba. Usitumie mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali. Baada ya muda hutoa mafuta ya kunata yanayougeuza shaba kuwa kijani. Karatasi isiyo na asidi ni bora, na kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato kinafaa. Naftalini usiiweke pamoja na plastiki. Tepe na vibendera vilale tambarare, gizani, bila kukunjwa. Jua la dirishani linaweza kumaliza nyekundu ya mahameli kwa msimu mmoja. Utepe wa asili ulioraruka usiutupe: ukitaka kuonyesha, weka mpya na ule wa zamani uuhifadhi kwenye bahasha yenye jina hilo hilo.

Nishani zilizoshonwa pamoja kwenye upau mmoja zisitenganishwe kamwe. Mpangilio ule ulifanywa na mwenyewe au fundi wake, na nao ni ushahidi.

9. Daftari

Kila kitu kipe namba, uiandike kwa penseli kwenye kijikaratasi, si kwenye chuma. Kwenye daftari andika: kitu, vipimo na uzito, maandishi yote neno kwa neno pamoja na makosa yake, hali, umekipata wapi na kwa nani, tarehe, masharti ya familia, na simulizi jinsi ulivyoisikia, kwa maneno ya msimuliaji. Tenganisha kwa mstari yale uliyoambiwa na yale uliyothibitisha. Piga picha uso, mgongo na ukingo wote kwa vipande, rula ikiwa pembeni.

Mwisho wa daftari weka ukurasa wa wosia: zipi zirudi kwa ukoo upi, zipi ziende makumbusho, zipi ziuzwe. Watie sahihi mashahidi wawili, na nakala ya daftari zima ikae kwa mtu usiyeishi naye nyumba moja.